Mwembe wa Kambo na Vichaka vya Baba Watoto

Ukitaka kujua nani anatawala nyumba fulani ya Kalemie, usiulize nani analeta unga wa bukari. Uliza ni mti gani uani ambao hakuna anayethubutu kuugusa. Kwetu ni mwembe. Aliupanda marehemu baba mkwe enzi zile anafanya kazi relini, na siku Baba Watoto alipotaja neno "panga" karibu na ule mti, mama yake alivuta kiti hadi shinani, akaketi, akajifunga kitenge vizuri, akasema: "Ule muti ni bwana yangu. Mukitaka kuukata, muanze na miye."

Sote humwita Kambo, yaani Bibi, kwa kuwa watoto humwita hivyo, na Kambo akishaketi hakuna hoja inayosimama.

Mwembe wenyewe ni mkubwa kupita adabu. Umefunika zaidi ya nusu ya lupango, kiwanja chetu chote. Chini yake ndipo tunapotwanga sombe, ndipo watoto wanapofanyia kazi za shule, ndipo wasichana wanaposukana nywele, na ndipo Kambo anapolala mchana mdomo wazi, joto linapokusanyika kabla ya mvua za Oktoba. Embe zikishaiva hudondoka usiku juu ya mabati, na wageni wasiotuzoea huamka wakiuliza nani anatupa mawe. Kitu kimoja tu hakipatikani chini ya mwembe ule: jani bichi lililoota lenyewe. Ardhi ni tupu, imekandamizwa na nyayo, na imefagiliwa kila asubuhi tangu kabla sijaolewa.

Mimi hufundisha biolojia sekondari. Shuleni wananilipa kwa hilo, wanapolipa. Nyumbani haijawahi kuhesabiwa kuwa sifa, na katika habari ninayoisimulia hapa mtaona kwamba niliulizwa mwisho kabisa, baada ya mbuzi.

Habari ilianza ziwa lilipopanda. Watu wa mbali hudhani ziwa ni kitu kinachokaa mahali pake. Tanganyika halikai. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na mlango huo uko hapa kwetu na una tabia zake. Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874 akasema maji yanatokea hapa. Stanley akaja 1876 akakuta umezibwa na matope na mimea. Ziwa likazidi kujaa hadi mnamo 1878 likapasua kizibo na kuteremka kuelekea Lualaba. Mwaka 1964 lilipanda tena, wazee wanakumbuka. Kuanzia 2020 hivi likarudia mchezo, na 2024 maji yakawa barabarani na vyumbani mwa watu. Shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, hakungoja 2024. Alikuwa anakaa kando ya maji. Ziwa lilipoingia jikoni mwake mara ya kwanza alipakia mke, watoto, vitanda na kuku, akapanda kwetu kilimani. Karibuni, tukasema. Ndugu aliyefukuzwa na maji hafukuzwi tena na watu.

Lakini watu wakiongezeka, dushi moja haitoshi. Ikajengwa ya pili, ya matete na turubai, pembe ya kaskazini chini ya mwembe, kwa sababu ndipo palipokuwa pamebaki. Msimu uleule upepo wa mvua ukaangusha ua wa matete uliotutenganisha na jirani. Tangu hapo jirani, mzee mpole anayependa chai na baraza, akawa anaweza kuhesabu nani wa nyumba yetu ameoga na nani hajaoga. Na alihesabu. "Mama, shemeki yako leo iko siku ya pili," aliniambia asubuhi moja, kwa nia njema kabisa.

Ujumbe kutoka Moba ukatukuta katika hali hiyo: watu wa kijana wanakuja kuzungumza habari ya binti yetu.

Matofali yalikuwa juu ya uwezo wetu. Matete mapya yangetufikisha masika mawili tu kabla mchwa hawajayamaliza. Baba Watoto akatangaza mezani, mkono mmoja ukiwa na kipande cha samaki wa mikebuka, kwamba atapanda ua wa vichaka vya maua, ili watu wa Moba wakifika wakute mahali penye heshima. Kambo akauliza utapandwa wapi. Mpakani, chini ya mwembe. Kambo akacheka mpaka akakohoa. Mtu mwenye masikio angeishia hapo, ila Baba Watoto alikuwa ameshaiona bogenvilia.

Aliiona kwenye nyumba moja kuukuu ya enzi za Albertville, jina la mji wetu tangu Kapteni Jacques alipoweka kituo chake hapa mwaka 1891 hadi baada ya uhuru. Ilikuwa imepanda ukuta mzima, rangi ya zambarau iliyochanganyika na nyekundu, jua la saa nane likiipiga usoni. Hilo jua ndilo lililostahili kutazamwa. Yeye alitazama rangi. Akaomba vipande vya shina, akaleta mzigo wa miiba kwa pikipiki, akavichomeka mstari mmoja kutoka dushi hadi kona.

Nilijaribu kumfikisha kwenye ukweli kwa njia ya hadithi. Nikamweleza kwamba mmea huo uliandikwa na mtaalamu wa mimea Commerson, meli za Mfaransa Bougainville zilipopita Brazili mwaka 1767, na kwamba msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume kwa kuwa wanawake walikatazwa melini, akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Nilitarajia kutoka hapo tufike kwenye jua la Brazili. Baba Watoto alisikia kwamba mmea wake umepitia mikononi mwa mwanamke mwenye suruali, akauliza kama ndiyo sababu ya ile miiba.

Bogenvilia ilishika. Hilo lazima niseme kwa haki. Ilishika, ikatoa fimbo ndefu nyembamba, na kila fimbo ikageuza kichwa kaskazini, ikavuka mpaka, ikaingia kwa jirani ambako mwembe haufiki. Huko ikapata jua la mchana kutwa, ikachanua. Upande wetu tulibaki na mashina na miiba. Upande wa jirani kulikuwa na arusi ya rangi. Alikuja kutushukuru. Alikuja hata na ndizi.

Wifi yangu, dada yake Baba Watoto, hakutaka kaka yake aaibike, akaleta krotoni. Nazo zilikuwa nzuri kweli: majani ya njano, mekundu, yenye michirizi. Hapa nitapita haraka, kwa sababu krotoni nazo zilipita haraka. Ile rangi ni ya mmea ulioshiba jua. Ukiuweka kwenye giza, unaacha mapambo na kurudi kwenye kijani, maana kijani ndicho kinachopika chakula. Majani ya chini yakapukutika, ya juu yakawa kijani tupu, na wifi alipokuja kutembea aliapa kwamba mmoja wa watoto wa shemeji ameuza krotoni zake na kupanda magugu mahali pake. Ugomvi huo ulidumu kuliko mimea.

Nieleze kidogo mwembe unafanya nini, kwa sababu mtu anaweza kudhani tatizo ni kivuli peke yake. Mwembe hauangushi majani yote wakati mmoja. Mwaka mzima kichwa chake kimefunga. Chini yake mwanga ni haba, lakini pia maji ni haba, maana mizizi midogo inayonywa iko karibu na uso wa ardhi na inakwenda mbali kupita ncha za matawi. Mvua nyepesi hainyeshi chini ya mwembe. Inaishia kwenye majani. Halafu kuanzia Juni hadi Septemba hatuna mvua kabisa. Kwa hiyo mmea unaowekwa pale unaombwa mambo mawili kwa pamoja: ule kidogo na unywe kidogo. Katika msitu mnene wa Kongo ni asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa juani inayofika ardhini, na bado kuna vichaka vinaishi humo vimenenepa. Lakini msituni angalau udongo una unyevu na mboji. Uani kwetu udongo ulikuwa na ufagio.

Difenbakia ilikuja siku chache kabla ya wageni. Baba Watoto aliinunua kando ya barabara kwa kijana anayeuza miche kwenye vifuko vya plastiki, na safari hii, kwa bahati, alipatia. Difenbakia ni ya msituni huko Amerika ya tropiki, kivuli ndiyo kwao. Majani yake mapana yana madoa meupe, yanapendeza hata gizani. Alipanda michache iliyokwisha kukua mbele ya dushi, akamwagia mabido ya maji asubuhi na jioni, na ile mimea ikasimama wima bila kulalamika. Nyumba nzima ikakubali kwamba tumepata ua. Nikasema kwa sauti kwamba mmea huu una utomvu mbaya, watoto wasiutie mdomoni. Watoto wakaambiwa. Hakuna aliyemwambia mbuzi.

Wageni wakafika kwa boti kutoka Moba, wamechoka na mawimbi, suti zimekunjamana, wazee watatu na shangazi wa kijana na msemaji wao, mtu mwenye kipaji cha kuzungumza saa nzima bila kufikia jambo. Walileta vitu vinavyostahili kuletwa, na juu ya hivyo beberu mweupe, mzuri, pembe zimegeukia nyuma. Walipokelewa, wakapewa maji ya kunawa, wakapewa kinywaji cha munkoyo. Beberu akafungwa kamba penye nafasi. Penye nafasi ni pale mbele ya dushi.

Mazungumzo yalikuwa yamefika mahali pa kupendeza. Msemaji wa Moba alikuwa anaeleza kwamba waliona ua lenye harufu ufukweni wakalifuata kwa boti, na msemaji wetu, ambaye ni mjomba wa binti, alikuwa anajibu kwamba maua ni mengi Kalemie na lazima wataje ni lipi, ndipo shangazi wa kijana aliponyoosha kidole. Beberu alikuwa amesimama kichwa chini. Udenda ulikuwa unamtoka kwa nyuzi ndefu. Akatikisa kichwa, akakwangua mdomo kwenye shina la mwembe, akafungua kinywa kulia, na sauti haikutoka. Pembeni yake jani kubwa la difenbakia lilikuwa limebaki nusu.

"Mbuzi yetu mumemupa nini?" shangazi akauliza.

Ninachojua ni hiki. Ndani ya majani na mashina ya difenbakia mna chembechembe za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, ndogo zisizoonekana kwa macho. Ukitafuna, sindano zinachoma ulimi na koo, mdomo unavimba, udenda unatiririka, hata mtu mzima anaweza kushindwa kusema kwa muda. Mara nyingi dawa ni kuosha kinywa, maji ya kunywa, na kungoja. Nilisimama nikayasema hayo, kwa utaratibu, nikiwa nimeshika jani. Nadhani nilitaja kalsiamu. Wazee wa Moba walinitazama kwa huruma waliyomwekea kijana wao, ambaye mama mkwe wake mtarajiwa anazijua sumu kwa majina.

Kambo hakusimama. Alimwita shemeji, akaagiza bido la maji, akaamuru beberu ashikwe pembe na kinywa chake kimwagiwe taratibu mpaka udenda upungue. Kisha akamgeukia msemaji wetu akamfanyia ishara ya kidevu. Mjomba akaelewa. Akasafisha koo, akasema kwamba watu wa Moba wamekuja na shahidi wao wenyewe, shahidi amefika nyumba hii, ameonja vya nyumba hii, na sasa hana neno la kupinga.

Kukawa kimya kidogo. Halafu mzee mkubwa kuliko wote wa Moba akaanza kucheka, mabega kwanza. Wengine wakafuata. Ila yule msemaji wao hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi: akajibu kwamba shahidi aliyezibwa mdomo hahesabiki, na kwamba kwa usumbufu uliompata mbuzi, kiasi kilichotajwa na upande wa mke kitazamwe upya. Tukakitazama upya. Baba Watoto mpaka leo ana hesabu yake ya jinsi difenbakia ilivyomgharimu, na anapoitaja hutumia faranka, si huzuni.

Beberu alipata nafuu kabla ya jioni ya siku ya pili. Hakuna aliyekubali kumla, ingawa nilieleza kwamba chembe zile humchoma mdomoni tu na hazigeuzi nyama kuwa sumu. Biolojia yangu ikakataliwa tena. Akabaki nasi, akapewa heshima ya mzee aliyenusurika, na tangu hapo amekuwa mkaguzi mkuu wa kila kitu kinachopandwa. Difenbakia ikang'olewa, kwa sababu ya watoto wa shemeji wanaotambaa, na kwa hilo nilikuwa wa kwanza kushika shina, mikono imefungwa mifuko ya plastiki.

Usiku ule Baba Watoto aliketi kitandani akasema, "Haya, Mwalimu. Sema."

Nikasema. Nikamwambia amekuwa akichagua vichaka kwa macho, mahali ambapo macho hayasaidii. Mmea uliouona unang'aa barabarani unakuambia habari za barabarani. Ulizia bibi yake aliishi wapi kabla hajaletwa mjini: kwenye miamba ya jua, au chini ya miti mirefu. Tazama jani: vichaka vya kivulini mara nyingi vina jani pana, kijani cha kukolea, kwa sababu vinatega mwanga kidogo kwa eneo kubwa. Tena hatuhitaji kwenda Brazili. Tumeishi pembeni ya msitu mkubwa kuliko yote Afrika na tunakwenda kununua mimea ya watu waliokuja kwa meli.

Nilianza na drasena, ile yenye majani marefu mapana kama ya mahindi, mwenyeji wa Afrika yetu hii, inayokubali kivuli na kuota ukiichomeka kipande tu. Nikaeleza kwamba Wachaga wa Kilimanjaro huiita isale, wanapandia mipaka ya vihamba, na mtu aliyekosana na mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha. Baba Watoto akachangamka kupita nilivyotaka. Akapendekeza tupeleke jani Moba, kwa ajili ya mbuzi.

Kambo alikuwa ukumbini, na kuta zetu si nene. "Ile muti kwetu inapandwa ku makaburi," akasema kutoka gizani. "Mupeleke ku bakwe jani ya kaburi, muone kama arusi itabakia." Kisha, baada ya kutafakari: "Na miye munipandie karibu ya kiti? Munanipimia?"

Drasena zikapandwa nyuma kabisa, kwenye kona ambayo Kambo akiketi haioni. Ziko pale hadi leo, ndefu, zimefunga kona vizuri, na Kambo anajua zipo, nasi tunajua kwamba anajua.

Kilichobaki kilikuwa ule urefu wa mbele, kutoka dushi hadi njia. Na hapo mtu aliyetutoa alikuwa shemeji, yule asiyeoga. Yeye hufanya biashara ya kwenda na kurudi upande wa Maniema, na siku moja alirudi na miche kwenye vifuko, akaishusha mbele yangu bila maneno, kama kodi ya nyumba. Majani mapana, ya kung'aa, kingo zimejikunja kidogo mawimbi. Niliyatambua kabla sijainama. Kahawa. Robusta.

Nilitaka kucheka. Kichaka cha chini ya miti mirefu, mwenyeji wa misitu ya Kongo na Uganda, kinachopenda joto la nchi za chini kama hizi zetu za usawa wa ziwa, mita 770 na kidogo. Arabika ingetuomba mlima. Na historia yake ni ya kwetu kiasi kwamba inatia hasira kidogo: mbegu zilitoka Kongo mwishoni mwa karne ya 19, zikaenda Brussels, nyumba ya bustani ya Linden ikauza miche chini ya jina la robusta, na karibu mwaka 1900 ikafikishwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umemaliza kahawa ya watu. Sasa Vietnamu inauuzia ulimwengu. Wahaya wa Bukoba walikuwa wanaitafuna mbegu yake iliyochemshwa na viungo kumkaribisha mgeni, na kuipanda chini ya migomba, kabla ya Linden yeyote. Na sisi Kalemie tulikuwa tunahangaika na bogenvilia.

Baba Watoto hakuhitaji historia. Aliuliza kama inachanua. Inachanua, nikasema, maua meupe, na yana harufu. Kama mbuzi ataila? Tukamwonyesha beberu jani moja. Akalinusa, akatutazama, akageuka. Hakuwa na haja ya kurudia masomo.

Lakini miche ilikuwa inahitaji mambo mawili ambayo nyumba haikuwa tayari kuyatoa. La kwanza, ufagio ukome. Majani ya mwembe yanayodondoka yaachwe pale mpakani yaoze, yashike unyevu, yawe mboji. Mke wa shemeji alilichukua hilo vibaya sana. Kwake uani pasipofagiwa ni nyumba ya mtu mgonjwa. Tukachora mstari kwa jivu: huku fagia, kule usiguse. La pili lilikuwa zito zaidi. Kahawa inakubali kivuli, si giza. Matawi machache ya chini ya mwembe, yale yanayolala upande wa kaskazini hadi yanagusa turubai la dushi, lazima yaondolewe ili mwanga wa pembeni uingie.

Nani atamwambia Kambo? Tukatazamana kwa wiki nzima.

Mwishowe alituambia mwenyewe, maana alikuwa amesikia yote. Alisema atakubali kwa sharti. Mwanawe aende mbele ya mwembe, mchana, asimame vizuri, amwombe baba yake ruhusa kwa sauti ya kusikika, ataje tawi kwa tawi. Baba Watoto ni mtu wa kanisani na ana cheo fulani kwaya. Alijaribu kunong'ona. "Sikusikia," Kambo akasema kutoka kitini. "Na kama miye sikusikia, na yeye hajasikia, masikio yake yalikuwa mabaya kuliko yangu." Kwa hiyo Baba Watoto akapaza sauti. Jirani alisimama barazani, akavua kofia. Watoto wakajipanga. Baba Watoto akaomba tawi la kwanza, akaeleza sababu, akaomba la pili, na alipofika la tatu, lile nene, Kambo akasema hilo hapana, baba yenu amekataa, hilo ndilo alilokuwa anatundikia redio. Tawi la redio lipo. Limekaa pembe mbaya, linapiga kivuli mche mmoja ambao haukukua kama wenzake.

Mashimo tulichimba kabla ya mvua, mbali na shina, tukihama kila tulipokutana na mzizi mnene, ndiyo maana mstari wetu unapinda ukiutazama kutoka barabarani. Tukajaza udongo wa juu, samadi iliyooza, na majani. Mche mmoja ukafa. Kiangazi cha kwanza kilikuwa cha mabido: maji ya kuoshea sombe, maji ya mchele, maji ya kusuzia vyombo, kila kitu kilikwenda kwenye kahawa, na mtoto aliyemwaga maji njiani alikuwa na kesi. Kwa kimo robusta haina haya, usipoikata inakwenda juu. Tunaipunguza kichwa ili ifunge chini. Sasa dushi haionekani. Shemeji anaoga anavyotaka, yaani si mara nyingi, na hakuna anayehesabu.

Binti yetu yuko Moba, ana mtoto. Mjukuu alipoletwa kuonyeshwa, Kambo alimkalisha chini ya mwembe, akamwonyesha beberu, akamsimulia habari za shahidi bubu, na kila mara anaposimulia kiasi cha mahari kinapanda.

Kahawa ilichanua ghafla, baada ya mvua ya kwanza iliyofuata kiangazi kirefu. Tuliamka tukakuta matawi yamefungwa maua meupe pande zote, nyuki wamejaa. Baada ya siku chache yakakauka, yakawa kahawia, na Baba Watoto akaanza kuomboleza. Ila nyuma ya yale makavu yalikuwa yameshika matunda madogo ya kijani, na hapo ndipo mgogoro wa sasa ulipoanzia.

Robusta haijizalishi yenyewe. Chavua ya mti haifai kwa mti uleule. Lazima itoke kwa mwingine wa damu tofauti. Niliwahi kumweleza jirani jambo hilo barazani kwake, kwa kupitisha muda, bila kukumbuka kwamba shemeji alimpa miche miwili iliyobaki, naye aliipanda upande wake, karibu na bogenvilia. Mzee yule ni mpole lakini hasahau kitu. Matunda yetu yalipoanza kuwa mekundu alikuja, akasalimia, akaketi, akakubali chai, kisha akaweka hoja: kama miti yetu ilishika mimba kwa chavua, na chavua ilitoka kwa miti yake, basi matunda haya ni ya nyumba mbili, na yeye hakuombwa mahari.

Baba Watoto akanigeukia mimi, mtaalamu. Nikasema huenda chavua ilitoka kwa miti yetu yenyewe, ya jirani kwa jirani mstarini. Mzee akauliza kama naweza kulithibitisha. Siwezi.

Kambo amelichukua suala mkononi. Jana alimtuma mtoto aende kwa mzee na ujumbe: aje Jumamosi na kibakuli, atapewa kahawa yake, kavu, imetwangwa, kwa heshima zote. Ila akija, aje na panga pia, amtolee Kambo maua ya bogenvilia yaliyo upande wake, maana yale mashina yana mizizi kwetu, na maji yalikunywa kwetu.

Mzee amejibu kwamba atakuja na mshenga.